Mahindi ya Uwanja wa Mikeka

Aprili 8

Wamelima uwanja.

Nimeandika hivyo kisha nikakaa nikaitazama hiyo sentensi, kwa sababu bado siiamini. Trekta iliingia Mikeka asubuhi, ikaanzia goli la upande wa barabara na kuishia goli la upande wa mto, na mimi nilipofika natweta nilikuta udongo mwekundu tu na ndege weupe wanaookota minyoo. Miaka yote niliyoishi Eldoret, yaani umri wangu wote, pale pamekuwa mahali pa mpira. Sasa imetokea kampuni ina hati, na hati inasema hapo hapajawahi kuwa uwanja, ni shamba la mahindi tangu enzi za mzungu. Shamba la mahindi! Nilimfokea dereva mpaka koo likakauka. Akaniambia, "Mzee, mimi nimetumwa tu," akaendelea kufunga plau yake.

Halima amenichemshia chai ya tangawizi, akasema nisijipandishe presha. Nimemwambia presha ilipanda zamani, inanisubiri huko juu.

Aprili 11

Wakaazi wa mtaa wamekwenda kortini. Wakili wao ni Nasambu, mwanamke mdogo wa umri mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alikuja dukani kwangu leo baada ya swala, akakaa juu ya magodoro kwa sababu duka la magodoro halina kiti, ndivyo tulivyo. Aliambiwa kwamba mpira wa mji huu, wa miguu na wa kriketi, yuko mzee mmoja anayeujua mwanzo hadi mwisho. Ni kweli. Timu zote zilizokufa ziko kabatini mwangu, picha kwa picha, na zisizo na picha ziko kichwani.

Nilimtolea picha. Akazitazama zote kwa adabu, kisha akasema, "Mzee Omar, hizi zinaonyesha watu kumi na mmoja na nyasi. Nyasi ziko Kenya nzima."

"Si uende kaunti ukaangalie ramani?"

"Faili limepotea."

Bila shaka limepotea. Basi nikamweleza habari ya saruji.

Kabla ya mpira wa miguu, pale ilichezwa kriketi. Wahindi wenye maduka, Wagoa wa posta, na sisi watoto wa wauza ng'ombe tukiokota mipira kwenye majani mpaka siku tulipopewa zamu ya kupiga. Walimwaga ukanda wa saruji katikati ya uwanja, juu yake wakatandika mkeka wa makumbi, wakaukaza kwa vigingi pembeni, ndipo mpira udunde sawasawa. Ndiyo maana pakaitwa Mikeka. Kriketi ilipokufa, vijana wa soka wakachoka kuchubuka magoti juu ya saruji, wakaifukia. Rafiki yangu Ephantus, kipa bora aliyewahi kusimama katika mji huu, alivunjia jino lake hapo hapo. Saruji haikung'olewa. Ipo chini, na hakuna mtu anayemwaga saruji namna ile katikati ya shamba la mahindi.

Nasambu aliinuka kwenye godoro. "Wapi hasa?"

Hapo ndipo pananitesa. Magoli yamehamishwa, mikaratusi iliyokuwa alama imekatwa, nyumba zimemea pande zote. Ni mahali fulani katikati, na katikati ni pakubwa.

Aprili 16

Jaji ametoa amri. Hakuna kujenga wala kuchimba pale Mikeka mpaka kesi isikizwe. Lakini mahindi yameshapandwa, kwa hiyo yaachwe yakue. Mwezi wa saba atakuja mwenyewe kutazama, na upande wetu tutaruhusiwa kuchimba mahali pamoja tu. Pamoja! Tukikosea, tumekwisha.

Nimekaa mchana kutwa nikiwaza, wateja wananisemesha nami nasikia nusu. Kisha likanijia. Mahindi yaliyo juu ya saruji hayana pa kupeleka mizizi. Jua likikaza, hayo ndiyo yatanyauka kwanza, na saruji itajichora yenyewe katikati ya kijani. Nilimpigia Nasambu simu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Basi tuombe jua, Mzee."

Mashahidi ni wawili, mimi na Ephantus. Amesema atakuja kutoka Moiben siku yoyote tutakayomwita.

Aprili 18

Msikitini tumeomba mvua. Kaunti nzima inaomba mvua, kanisani na msikitini, maana mbegu ziko ardhini. Kila mtu akasema amin. Mimi sikusema. Nilihisi jirani yangu amenisikia nikinyamaza, na nikaogopa, sijui nilimwogopa yeye au Mwenyezi Mungu.

Aprili 20

Mvua. Usiku kucha na bado.

Mei 3

Aliyepewa shamba alime ni Mama Linah wa Kiplombe. Kampuni imemkodishia, mahindi ni nusu kwa nusu. Ni mteja wangu, alinunua godoro hapa mwanawe alipoenda bweni. Nilimkuta akipalilia, nikamsalimia kwa baridi, naye akanijibu kwa uchangamfu, "Mzee, si mvua ya mwaka huu ni baraka!" Nikamwambia eeh. Miche imetoka yote, sawasawa, kijani kibichi. Sioni tofauti hata kidogo.

Mei 14

Leo nimepata mgeni wa kunipendeza. Kijana nadhifu, jina lake Antony, anasema babake alikuwa shabiki wa mpira na alimsimulia habari za Mikeka. Alitaka blanketi lakini akasahau blanketi, tukaongea. Anajua kuuliza. Siyo hawa wanaouliza nani alifunga wakishajibiwa wanaondoka. Huyu anauliza kipa alisimama wapi. Nimemsimulia fainali ya mwaka ule mvua iliponyesha mpira ukakwama kwenye tope mbele ya goli wazi, na wachezaji wote wakausimamia wakiutazama. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Halima aliuliza huyo ni nani. Nikasema ni mtu mwenye masikio.

Mei 16

Antony tena. Alileta mandazi.

Mei 20

Antony. Tumeongea kriketi mchana wote. Nilimweleza mkeka, vigingi, sauti ya mpira ukigonga saruji chini ya makumbi, sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na meno yangu yote. Akauliza kama kweli saruji bado iko. Nikamwambia iko, na nikamwambia jinsi itakavyojionyesha yenyewe, mahindi yatakavyosinyaa juu yake. Nilijisifu kidogo. Kidogo tu. Alinisikiliza huku ameshika kikombe bila kunywa.

Mei 29

Mvua, mvua, mvua. Blanketi zinauzwa kama sukari. Biashara nzuri, moyo mbaya.

Juni 5

Ee Mungu wangu.

Kesi ilitajwa leo asubuhi. Nimeingia kortini nimevaa koti langu la heshima, nikatafuta pa kukaa, nikamwona Antony. Nikampungia mkono kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani amekuja kunishangilia. Amekaa safu ya mbele, bega kwa bega na mawakili wa kampuni, faili mapajani. Akageuka, akanitabasamia, akainamisha kichwa kwa heshima kama ambavyo mtu humsalimia babake.

Tukiwa kwenye korido alikuja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mzee, asante kwa chai. Ulinifundisha mengi."

Mdomo uliponza kichwa. Nimeusikia msemo huu tangu utotoni, na nimewatupia wengine mara nyingi. Sasa nimelala chali nikiutazama umeandikwa juu ya dari. Maisha yangu yote nilimtafuta mtu wa kuniuliza vizuri. Adui angekuja kuniuliza kwa matusi nisingemwambia hata saa. Alikuja na mandazi.

Sijamwambia Nasambu. Sijui nitaanzia wapi.

Juni 6

Idd. Nimeswali, nimekula, sijui nimekula nini.

Juni 9

Nimemwambia Nasambu. Akasema, "Haya. Sasa hakuna mtu wa kuzungumza naye tena, Mzee. Hata akija malaika." Afadhali angenitukana.

Juni 11

Mtu nisiyemjua ameingia dukani saa za adhuhuri, watu wamejaa barabarani, jua limechungulia kidogo. Akachagua blanketi zito la kijivu, akalipa, nikamfungia vizuri. Akalisukuma kwangu juu ya meza.

"Niwekee hapo."

"Utalichukua lini?"

"Si langu. Ni la kufunika mtu."

Akatoka. Hakuharakisha. Nilibaki nimeshika karatasi ya kufungia. Najua namna ya kutishwa kwa kelele, mtu huzoea; mji huu umenionyesha kelele. Huyu alisema kama anayeagiza chai.

Halima anataka tulitupe. Nimekataa, mtu akija kulidai nitasema nini? Nimeliweka rafu ya juu kabisa, na tangu niliweke huko sioni kitu kingine humu dukani.

Juni 13

Simu, namba ngeni. "Mzee Omar, hujambo? Kwenu ni wapi hasa?"

"Hapa."

"Hapa ni mahali pa biashara. Nauliza kwenu."

Babu yangu aliingia mji huu akiswaga ng'ombe, babangu akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa. Nikaanza kumweleza, wallahi, nikaanza kumpa tarehe! Halima akaninyang'anya simu, akaizima. Akanitazama kwa macho ambayo sijayaona kwake miaka mingi, akasema, "Wewe utakufa ukijibu swali."

Juni 16

Ephantus amepiga. Hatoi ushahidi. "Nisamehe, Omar," akasema, na simu ikakatika au akaikata.

Juni 17

Nimekwenda Moiben kumtukana uso kwa uso. Njia yote nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta amesimama mlangoni kwake na gamubuti, mvua inanyesha, mkewe Waiyego anachungulia nyuma yake.

"Ingia, umelowa."

"Siingii. Wamekupa nini?"

"Hakuna mtu amenipa kitu."

"Basi unaogopa nini, wewe uliyekuwa unajirusha miguuni mwa washambuliaji?"

"Wewe unajua ninaogopa nini. Mwaka ule wa uchaguzi, nyumba ilipochomwa, ni wewe uliniletea blanketi pale kanisani nilikolala na watoto. Ukalia kuliko mimi. Lakini hukuwa nyumbani kwangu siku ile ya kabla. Walikuja vijana wawili tunaowafahamu, kwa upole kabisa. Wakasema, 'Mzee, si muende mkapumzike kwenu kidogo.' Kwa upole, Omar. Juzi wamekuja wengine hapa, wakasema vivyo hivyo, neno kwa neno. Mimi mtu akinitukana nitamtukana. Mpole ananitoa jasho."

Nikamjibu vibaya. Nikasema basi nitakwenda peke yangu, na jua litakuwa shahidi wangu wa pili.

Akatikisa kichwa. "Na hiyo ya kuomba jua, ni nani amekufundisha kulima? Mahindi yanakufa njia nyingi. Maji yakikosa pa kwenda..."

Nikamwambia abaki na kilimo chake, nikaondoka. Waiyego alinifuata mpaka langoni kunipa mwavuli. Niliukataa, na nimefika nyumbani na homa.

Juni 21

Homa imeshuka. Gari dogo jeupe limesimama ng'ambo ya duka tangu asubuhi, dereva anakula njugu. Hajanitazama hata mara moja. Angalau angenitazama.

Juni 24

Leo nimeona mwisho wetu kwa macho yangu. Nilipita Mikeka, nikasimama nyuma ya ukuta wa posho mill, pale wanaposaga unga. Lori limeshusha magunia ya mbolea. Antony yuko pale na viatu vyake vya ngozi, anamwonyesha Mama Linah kwa kidole, katikati ya shamba, hapo, hapo na hapo. Kumbe wameshaona mahali ambapo mahindi yameanza kudumaa. Watayatia mbolea mpaka yawe kijani kuliko mengine, na mimi nitakwenda mbele ya jaji kumwonyesha mahindi mazuri kuliko yote Uasin Gishu.

Na Mama Linah anaitikia kwa kichwa, ndiyo boss, ndiyo boss. Mwanamke niliyempunguzia bei ya godoro! Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu aliyewahi kulima.

Juni 30

Naogopa. Nimeona afadhali niandike tu. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, naogopa. Mteja akisema "Mzee" kwa sauti laini, naogopa. Namwogopea Halima akienda sokoni. Jana nilimwambia nitajitoa, kama Ephantus, uwanja si mtoto wangu. Nilitegemea atasema alhamdulillahi, maana ni yeye amekuwa akiniambia uwanja hautanizika.

Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Ukijitoa utakaa humu ndani kila siku ukiniambia ungesema nini. Mimi sitaiweza hiyo. Nenda useme, kisha unyamaze."

Na kuanzia leo amehamisha kiti chake cha nyumbani, amekaa mlangoni mwa duka, anatazamana na lile gari jeupe. Dereva amehama akasimama mbele kidogo. Halima naye akahamisha kiti.

Julai 8

Nasambu amenikataza kukanyaga Mikeka mpaka siku ya jaji, wasije wakasema tumeharibu mazao. Mvua haijakata hata siku mbili. Watu wa Moi's Bridge wanasema mashamba yao ya bondeni yamegeuka vidimbwi. Mimi nilitaka wiki mbili za jua tu, wiki mbili katika msimu mzima, na sikupewa.

Julai 15

Baridi. Halima ametafuta blanketi, mkono ukaenda rafu ya juu kwa bahati mbaya. Akaurudisha haraka.

Julai 21

Kesho. Nimepiga pasi shati. Nimetawadha, nimeswali, na kwa mara ya kwanza sikuomba jua wala mvua. Nimeomba miguu yangu isitetemeke watu wakiona.

Julai 22

Sijui nianze wapi. Nianze asubuhi.

Tulifika mimi na Halima, kashika mkono wa koti langu kama polisi. Jaji alikuwa amevaa gamubuti. Antony yupo, mawakili wao wapo, watu wa mtaa wamejipanga kando ya barabara. Na mbali, karibu na uzio, peke yake chini ya mwavuli, nikamwona Ephantus. Hakusogea. Alisimama vile alivyokuwa akisimama golini mpira ukiwa upande wa pili.

Wakili wa kampuni akasema mahindi ni mahindi, yanaonekana, shamba ni shamba. Jaji akanigeukia. "Mzee, una mahali pamoja. Tuonyeshe."

Nikaingia katikati ya mistari. Mahindi yamenizidi urefu, majani yanadondosha maji shingoni, sioni mbele wala nyuma. Nilikuwa naenda nikijua naenda kuaibika. Nilipiga hatua, nikapiga nyingine, na ghafla kukawa na mwanga.

Mahindi yalipungua kimo. Mbele yangu yalikuwa yamefika kiunoni tu, ya manjano, manjano kama karatasi iliyozeeka, na chini yake maji yamesimama. Nikatazama kushoto: manjano imekwenda moja kwa moja, imekatika kwa pembe. Kulia: hivyo hivyo. Ukanda mmoja ulionyooka, mwembamba, mrefu, kingo zake kama zimekatwa kwa kisu, na pande zote mahindi ya kijani yamesimama kama watazamaji. Niliujua urefu ule. Niliukimbia mara elfu nikiwa na pedi miguuni.

Mvua! Mimi mtu wa magodoro niliomba jua msimu mzima, kumbe jua silo lililohitajika. Maji yalishuka udongoni, yakakuta saruji, yakakosa pa kwenda, yakaozesha mizizi. Ephantus alinianzia sentensi ile mlangoni kwake, nami sikumwacha aimalize.

"Hapa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Kijana wa korti akainua jembe, akashusha. Likalia. Jamani, likalia! Mlio ule ule, mkavu, wa kitu kigumu. Akafagia matope kwa mkono, saruji ikatokea ya kijivu, na pembeni tundu la kigingi cha mkeka lingali lina kutu. Jaji aliinama akaingiza kidole. Kisha akaomba futi ya kupimia.

Nililia mbele ya watu. Halima akaniambia nipanguse pua.

Tulipotoka, Antony alikuwa hatazami saruji. Alikuwa anatazama ile manjano, uso umekunjika, kama mtu anayepiga hesabu isiyotoka. Na uzioni hakukuwa na mtu tena. Nimempigia Ephantus jioni, nikamwambia, "Malizia ile sentensi." Alicheka. Kisha nikamwomba msamaha, naye akaniomba, tukaona aibu, tukaagana.

Julai 24

Nilidhani hofu imekwisha. Imebadilisha nguo tu.

Mama Linah alikuja kununua shuka. Alisubiri wateja watoke, akashusha sauti, huku anacheka na anaogopa kwa pamoja. "Mzee, umeona vile yalikuwa ya manjano? Ile mbolea ya boss sikutia hata punje. Nilipeleka kwangu Kiplombe."

Nikakaa juu ya godoro.

"Sasa ungefanya nini?" akasema. "Mizizi imeoza, mbolea ni ya kutupa kwenye maji? Na hata yakipona, nusu ni ya kampuni. Yangu yako kule nyumbani yananiangalia kwa njaa. Nimwage mbolea kwa wafu?"

Hakufanya kwa ajili ya uwanja. Hajui kriketi ni nini. Alifanya kile ambacho mkulima yeyote wa huku angefanya, na Antony hakulijua hilo kwa sababu ni mtu wa mjini kama mimi. Na mimi nilikuwa nikimlaani mwezi mzima.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

Mimi! Kati ya watu wote wa Eldoret, amekichagua kinywa changu.

Julai 25

Amekuja.

Nilikuwa nimetoka msikitini, Halima ameenda sokoni. Antony akaingia, akanisalimia vizuri, akakaa juu ya godoro lile lile alilokaa mwezi wa tano. Akaomba chai. Nikammiminia, kikombe kikagongana na kisahani, sote wawili tukasikia.

"Mzee Omar, sina ubaya. Jaji ataamua vile ataamua. Nina swali moja tu, na wewe ndiye mtu wa historia." Akaweka kikombe chini. "Nilipeleka mbolea ya kutosha pale katikati. Siku ya jaji nikatazama chini, sikuona dalili ya mbolea, na mahindi hayakubadilika hata jani. Mimi sipendi kufanywa mjinga na mtu ninayemlisha. Ile mbolea ilienda wapi?"

Wallahi, jibu lilinijaa mdomoni. Hakuna swali kuhusu uwanja ule ambalo nimewahi kuulizwa, nikawa najua jibu, nikalizuia. Na hii ndiyo simulizi nzuri kuliko zote za Mikeka: saruji iliyofukiwa, mvua, mkulima na mbolea yake. Na aliyeuliza anajua kusikiliza, ameinama mbele, macho yako kwangu. Nilimwona Mama Linah kule Kiplombe, na wale wapole wakimbishia mlango.

"Ni mvua," nikasema.

"Mvua."

"Mvua ya mwaka huu imesomba kila kitu. Waulize wa Moi's Bridge."

"Mwenyewe ulimwona yule mama akitia?"

"Mimi nilikatazwa kukanyaga kule. Muulize wakili."

Jasho lilinishuka mgongoni na sikulipangusa. Nikainua kikombe changu nikanywa, ingawa kilikuwa kitupu. Mwishowe akasimama, akajipangusa suruali, akatazama rafu ya juu.

"Kumbe lile blanketi bado liko."

"Liko. Nikuteremshie?"

"Kaa nalo, Mzee. Baridi haijaisha."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda. Niliketi pale mpaka Halima aliporudi na vitunguu. Aliniuliza nimeongea na nani. Nikasema na mteja.

Agosti 12

Hukumu. Mikeka ni uwanja wa umma. Mama Linah avune mahindi yake, kisha ardhi irudi kwa wenyewe. Kampuni inasema itakata rufaa. Mtaani watu wameimba, wameniinua juu, nikaogopa wataniangusha. Mwandishi wa redio amenifuata na kinasa sauti: "Mzee, ile siri ya mahindi kuwa manjano ilikuwaje?" Nimemjibu kwa neno moja, akakasirika, akasema alikuwa ameambiwa mimi ni mtu wa maneno.

Gari jeupe sijaliona wiki hii. Bado nalitafuta kila ninapofungua mlango.

Agosti 19

Mama Linah ametuletea mahindi mabichi kutoka kwake Kiplombe, gunia zima, begani kwa mwendesha pikipiki. Halima ameyachoma kwenye jiko mlangoni mwa duka, Ephantus na Waiyego wakiwa wamekuja kutusalimu. Mahindi makubwa ajabu, punje zimejaa mpaka ncha.

"Ala!" Halima akasema, akiligeuza moja mkononi. "Mwaka ambao ya watu yote yameoza, haya yamepata wapi nguvu namna hii?"

Ephantus, mkulima, akalitazama hindi, kisha akanitazama mimi. Wote wakaningoja niseme, maana ni mimi husema.

"Ni mvua," nikasema, nikauma langu.